Uuguzi Nchini Kenya (Sehemu ya Pili): Safari Ndefu Hadi Kotile

Katika sehemu ya kwanza tuliona uuguzi wa Kenya ukianza mikononi mwa wamishonari na serikali ya kikoloni: hospitali ya Waafrika iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1901, mafunzo ya tiba yaliyoanza 1927, kisha sheria ya 1949 ya kuwasajili wauguzi na wakunga. Leo tunavuka Mto Tana hadi Kotile, eneo la Ijara, Kaunti ya Garissa. Historia hii ikisimuliwa kutoka Nairobi pekee, nusu yake inapotea.

Kaskazini Mashariki ilifungwa kwa sheria. Kuanzia ile ya Wilaya za Mbali ya 1902 hadi ile ya Wilaya Maalum ya 1934, mgeni hakuingia huko bila kibali. Kwingineko, hospitali za misheni kama Tumutumu, Maseno na Kaimosi ndizo zilizokuwa madarasa ya kwanza ya uuguzi, na vijana walijifunza kazi wodini. Kaskazini ilikosa mtandao huo. Palikuwa na dresa (wahudumu wasaidizi wa tiba) wachache wa serikali mjini, na huko malishoni mama alimtegemea mkunga wa jadi.

Mwaka 1966 Kenya ilianza kumfundisha muuguzi wa jamii: mtu mmoja anayejua uuguzi wa wodini, ukunga na afya ya umma, ili zahanati ya kijijini iweze kujisimamia hata pasipo daktari. Huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko wote katika taaluma hii. Lakini mwaka huohuo Kaskazini Mashariki ilikuwa ndani ya vita vya Shifta, vilivyopiganwa kati ya 1963 na 1967, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa huko hadi 1991. Eunice Muringo Kiereini, aliyekuwa muuguzi mkuu katika Wizara ya Afya, aliongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi kuanzia 1981 hadi 1985. Sifa hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo, mama wengi wa jamii za wafugaji waliendelea kujifungulia ndani ya herio, kibanda cha wafugaji, mbali na muuguzi yeyote.

Mafanikio makubwa ya miaka hiyo yalitoka kwa mtu asiyetarajiwa. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyesomea sheria, alifika Kenya mwaka 1969 na kufanya kazi Wajir. Huko aliona wagonjwa wa kifua kikuu wakiacha dawa kila mifugo inapohamishwa. Akawakusanya katika manyatta karibu na mji, wakaishi kwa desturi zao na kumeza dawa mbele ya mhudumu hadi wapone. Kumsimamia mgonjwa akimeza dawa baadaye kukawa nguzo ya sera ya Shirika la Afya Duniani dhidi ya ugonjwa huo. Tonelli alilazimika kuondoka Kenya baada ya mauaji ya raia yaliyofanywa na vikosi vya serikali huko Wagalla, Wajir, Februari 1984, na mwaka 2003 aliuawa Borama, Somaliland. Alichothibitisha ni kwamba mfugaji hakatai tiba. Hukataa tiba isiyojali maisha yake.

Tutazame kazi yenyewe katika zahanati ya eneo kama Kotile. Muuguzi huanza siku kwa kusoma kipimajoto cha friji ya chanjo na kuandika daftarini: joto lisishuke chini ya nyuzi 2 wala kupita 8. Kisha huzungusha utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo kwenye mkono wa mtoto. Kijani, mtoto yuko salama. Njano, kati ya sentimita 11.5 na 12.5, ana utapiamlo wa wastani. Nyekundu, chini ya 11.5, maisha yake yamo hatarini. Kabla ya jioni huenda akapima wajawazito, akasafisha kidonda na kumwandikia mgonjwa rufaa ya kwenda hospitali ya Masalani. Mto Tana ukifurika na barabara ikakatika, rufaa hiyo hubaki karatasi tu.

Mwishoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa, na Ijara ikaumia sana. Kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao walikuwa wamefariki. Ugonjwa huu huenezwa na mbu na kwa kugusa damu au nyama mbichi ya mnyama mgonjwa. Katika mlipuko wa namna hiyo, anayempokea mgonjwa kwanza ni mhudumu wa zahanati. Akikosa glavu, hatari inakuwa yake pia.

Mwaka 2013 huduma za afya zilikabidhiwa kaunti, na ada ya kujifungua ikaondolewa katika hospitali za umma. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini Novemba 2014 magaidi walisimamisha basi lililotoka Mandera na kuwaua abiria 28. Walimu na wahudumu wengi wa afya waliotoka sehemu nyingine za nchi wakaomba uhamisho au wakaondoka. Takwimu zilizotokana na sensa ya 2009 zilikuwa zimekwisha kuonyesha ukubwa wa shida: Mandera ilipoteza akina mama 3,795 kwa kila vizazi hai 100,000, na Garissa 646, wakati wastani wa taifa ulikuwa 495.

Dawa ya kudumu ni kuwafunza wenyeji, wasichana hasa. Wazazi wanaosita kuwaruhusu binti zao kuwa wauguzi wakumbuke Rufaida al-Aslamiyya wa Madina, aliyewatibu majeruhi katika hema la msikitini zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Florence Nightingale kufungua shule yake London mwaka 1860. Wamtazame pia Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit aliyezaliwa katika jamii ya wafugaji, akajenga shule kijijini kwao, na mwaka 2022 akashinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya Aster huko Dubai.

Garissa tayari ina kampasi ya chuo cha mafunzo ya tiba. Kinachotakiwa ni wasichana wa Kotile na Ijara yote wamalize sekondari wakiwa na alama nzuri za biolojia, kaunti iwalipie karo wasiojiweza, na wanaohitimu waajiriwe bila kucheleweshwa. Mzazi mwenye binti aliye sekondari asingoje serikali: aanze kwa kumwacha shuleni.

(Itaendelea)