Kutoka Kibubu hadi Kumbukumbu: Namna Mtu wa Pwani Anavyokuwa Mkusanyaji wa Sarafu

Nyumba za Waswahili wa pwani hazikosi sarafu za zamani. Kuanzia Lamu hadi Kilwa, kupitia Mombasa, Tanga, Pemba na Unguja, kuna mabweta yaliyosukumwa uvunguni mwa vitanda, na ndani yake mna hati za shamba, vipande vya mapambo na sarafu ambazo hazinunui tena kitu dukani. Wenye nyumba hawajiiti wakusanyaji. Wao husema tu kwamba hivyo ni vitu vya wazee. Hata hivyo, humo ndimo anamoanzia mkusanyaji wa sarafu wa kwetu. Kuwa nazo hakutoshi. Anakuwa mkusanyaji siku anapouliza sarafu hii ilikuwa ya nani na ilifikaje hapa, kisha akaliandika jibu.

Utamaduni wetu umemwandaa mtu huyo tangu utotoni. Mtoto akitimiza siku saba hufanyiwa akika, nywele zake hunyolewa, na fedha ya uzito wa nywele hizo hutolewa sadaka. Akianza kutembea, sikukuu humtoa nje kwenda kuamkia wakubwa na kupokea mkono wa Idi, na sarafu anazopewa huingia kwenye kibubu. Akifikia umri wa kuoa, hukuta ada zinamsubiri: kifungua mlango kwa wanaomlinda bibi harusi, na kipa mkono kwa bibi harusi mwenyewe. Kwenye ngoma na taarabu watu hutunza waimbaji. Kwenye makaburi ya watu wema na kwenye mizimu, wapo wanaoacha sarafu pamoja na ubani na marashi. Desturi hii ya mwisho ina mizizi mirefu. Huko Songo Mnara, mji wa mawe jirani na Kilwa Kisiwani uliostawi katika karne ya 14 na 15, wachimbaji wa mambo ya kale wameokota sarafu za shaba kandokando ya makaburi, mahali ambapo hapakuwa na soko wala duka.

Kwa hiyo sarafu kwetu haikuwa chombo cha kununulia peke yake. Ilikuwa pia akiba, sadaka, heshima na pambo. Reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, iliyotumika sana Zanzibar, Oman na Uhabeshi katika karne ya 19, mara nyingi iliishia kwa sonara. Aliiyeyusha akafua vikuku, mitali na kekee. Mwanamke aliyevaa mitali mizito alivaa akiba yake miguuni, na shida ikija aliweza kuiuza. Ndiyo maana reale nyingi zilizopita mikononi mwa bibi zetu hazionekani leo. Zile zilizosalia katika mabweta zina thamani kwa mkusanyaji kwa sababu hiyo pia.

Anayeanza hupanga kwanza alichonacho. Akizimwaga sarafu za bweta moja mkekani, mara nyingi hujikuta ametandaza historia nzima ya pwani. Chini kabisa zitakuwa reale na pesa za shaba za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, zenye picha ya mizani. Zitafuata rupia za India, kisha za Mjerumani zenye Kaisari Wilhelm aliyevaa kofia ya chuma. Hapo atajifunza kwamba rupia moja ilikuwa pesa 64, mpaka mwaka 1904 Wajerumani walipoleta hesabu ya hela 100 kwa rupia. Halafu zitakuja shilingi za Afrika Mashariki zilizoanza mwaka 1921, zenye simba na milima nyuma yake, pamoja na senti zenye tundu ambazo watu walizitunga kwenye uzi ili zisipotee. Juu ya hizo zitakaa za uhuru. Tanzania ilitoa zake mwaka 1966: samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50 na Mwenge kwenye shilingi.

Baada ya kupanga huja kusoma, na hapa ndipo wengi hugundua kwamba mwaka ulioandikwa kwenye sarafu unaweza kumpoteza asiyejua. Reale ya Maria Theresa imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini iliendelea kutengenezwa kwa tarehe ileile katika miji mbalimbali hata katika karne ya 20. Pesa ya Barghash inasomeka 1299 kwa tarakimu za Kiarabu. Huo ni mwaka wa Hijria unaolingana na 1882. Aliyepita chuoni akasoma msahafu ana mtaji mkubwa hapa, maana anasoma moja kwa moja kile ambacho wageni hulazimika kutafsiriwa. Kuna pia senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward VIII wa Uingereza, aliyejiuzulu mwaka huohuo kabla hajavikwa taji. Ziliwahi kutoka kwa sababu tundu la katikati halikuacha nafasi ya sura ya mfalme, basi hapakuwa na picha ya kusubiriwa.

Sarafu ambayo wakusanyaji wa Tanzania huitaja kwa fahari ni ya Tabora. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowakatia Wajerumani njia ya bahari, fedha ziliwaishia. Mwaka 1916, katika karakana ya reli Tabora, walitengeneza rupia 15 za dhahabu iliyochimbwa Sekenke, zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Hapohapo walitengeneza hela 20 na hela 5 za shaba. Dhahabu ya nchi yetu, kazi iliyofanyika katika mji wetu, na habari hiyo yote imo kwenye kipande kinachoenea ncha ya kidole.

Ukusanyaji una adabu zake. Ya kwanza, usisugue. Sisi tumezoea kung'arisha sinia na vyombo vya shaba kwa ukwaju, ndimu na majivu, na mkono huwasha kuifanyia hivyo sarafu iliyofifia. Asidi hula maandishi, na rangi ile ya uzee iliyochukua miaka mia kujengeka haitarudi tena. Ya pili, shika ukingo, usiguse uso, kwa kuwa jasho lina chumvi. Ya tatu, iepushe na upepo wa bahari na unyevu. Bahasha ndogo ya karatasi ni bora kuliko mfuko laini wa plastiki, ambao aina zake nyingine huacha utando wa kijani kwenye shaba. Ya nne, andika juu ya bahasha: nimeipata wapi, lini, kwa nani, na alisema nini.

Adabu hiyo ya nne ndiyo kubwa. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa hazina mwaka wala jina la mji. Zina jina la sultani na maneno ya kumtegemea Mungu yanayowiana nalo kwa vina. Mahali zilipopatikana ndipo panapozipa habari. Ile iliyokutwa Great Zimbabwe, yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, inathibitisha uhusiano wa Kilwa na bara lenye dhahabu. Hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilionyesha kwamba watu wa visiwa hivyo walitumia fedha iliyopigwa kwa majina ya watawala wao tangu karne ya 11. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Aliweka alama kwenye ramani mahali alipoziokota, na kwa sababu ya alama ile watafiti waliweza kurudi palepale miaka mingi baadaye. Bila ramani zingebaki kuwa vipande vya shaba tu.

Hii ndiyo sababu sarafu iliyo ardhini katika magofu si ya kuchimbuliwa na kuuzwa kwa watalii. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Aliyeiona aiache mahali pake na kuwaarifu wahusika.

Nawe msomaji unayetaka kuanza, huhitaji utajiri. Anza na zilizo mfukoni: faru wa shilingi 50, swala wa 100, simba wa 200, nyati wa 500. Ukiwa Kenya, tafuta za zamani zenye sura za marais uziweke pamoja na zile za mwaka 2018 zenye twiga, kifaru, simba na tembo. Kisha nenda kwa bibi na babu zako wakingali hai, uombe kuliona bweta, na uende na kalamu. Sonara atakulipa uzito wa fedha tu. Habari za wazee wako hazina mizani, na wakiondoka bila kuulizwa wataondoka nazo.