Usiizime mashine ya kupumulia kwa sababu ya jino

Na DAKTARI WETU

HIVI majuzi alinijia bwana mmoja wa makamo, macho mekundu na kichwa kikimuuma. Siku tatu awali alikuwa ameng'olewa gego la chini. Kwa kuogopa kwamba hewa ingetonesha kidonda, aliizima mashine anayolala nayo na kuisukuma mvunguni. Kisha akameza tembe za kodeini alizopewa na jirani. Mkewe alikesha akimtikisa kila alipoacha kupumua.

Msomaji, ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako hutumia mashine ya CPAP, yasome haya kabla ya kwenda kwa daktari wa meno.

Mashine hii ilibuniwa na Dkt Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, na habari zake zikachapishwa mwaka wa 1981. Huwasaidia watu ambao njia ya hewa kooni hujifunga wakiwa usingizini. Mtu hukoroma, hunyamaza, kisha hushtuka akitafuta pumzi. Hewa inayosukumwa kupitia barakoa huiweka njia hiyo wazi.

Usiku wa kung'olewa jino una hatari zake. Mdomo na koo huenda vikavimba. Isitoshe, dawa za usingizi, pombe, na dawa za maumivu kama kodeini na tramadoli huweza kulegeza koo au kupunguza nguvu za kupumua. Huo si usiku wa kuiacha mashine bila ushauri.

Je, hewa haitaling'oa donge la damu linaloziba shimo la jino? Ukivaa barakoa ya pua na kufunga mdomo, hewa hupitia puani hadi kooni, haipulizi kidonda. Kwa jino la kawaida, mara nyingi mgonjwa huruhusiwa kutumia mashine usiku huohuo.

Taya la juu ni jambo jingine. Mizizi ya magego ya juu hukaribiana na uwazi wenye hewa ulio ndani ya mfupa wa shavu. Likiachwa tundu hapo, au ikiwa umeongezewa mfupa ili upandikizwe jino, hewa yaweza kusukumwa mahali isipotakiwa, hata chini ya ngozi. Daktari aliyekupasua huenda akakuambia upumzishe mashine kwa siku kadhaa. Uamuzi huo ni wake na wa daktari aliyekupa mashine, si wako. Waulize pia utalalaje siku hizo.

Kwa hivyo, mweleze daktari wa meno mapema kwamba unatumia mashine. Ikiwa utapewa nusukaputi au dawa ya kukusinziza, ibebe uende nayo.

Ukirudi nyumbani, zingatia haya:

• Lala kwa ubavu, kichwa kikiwa kimeinuliwa. Stima ikipotea, vua barakoa na uendelee kulala hivyo.

• Osha barakoa kila siku kwa sabuni na maji. Ikiwa mashine ina kifaa cha unyevu, kitumie ili mdomo usikauke.

• Usibadilishe nguvu ya hewa mwenyewe. Barakoa ikifinya mahali palipovimba, uliza kama unaweza kupewa ya umbo jingine.

• Kwa maumivu, parasetamoli huwafaa wengi. Usimeze dawa ya jirani.

• Usivute sigara, usinywe kwa mrija, wala usisukutue kwa nguvu siku ya kwanza.

Rudi kwa daktari wa meno ikiwa maumivu yatazidi badala ya kupungua kuanzia siku ya pili au ya tatu, au ikiwa maji unayokunywa yatatokea puani. Nenda hospitali mara moja ukishindwa kupumua au kumeza, damu isipokoma baada ya kuuma shashi kwa nusu saa, au uso na shingo vikivimba ghafla na ngozi kutoa mlio wa kukwaruza ukiibonyeza. Hapo huenda hewa imeingia chini ya ngozi. Zima mashine na usilale kabla hujaonwa.

Yule bwana nilizungumza na daktari wake wa meno kwa simu. Jino lilikuwa la chini na kidonda kilikuwa kikipona vyema. Usiku huo aliitoa mashine mvunguni, na mkewe akapata kulala. Simu hiyo ingepigwa kabla ya jino kung'olewa, wasingekesha.