Printa na Daftari la Maradhi Yake

Katika maduka ya kuchapa na kudurufu yaliyoko Feri na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, printa ikigoma wateja huondoka. Mwenye duka akinunua kipuri kwa kubahatisha, fedha zaweza kupotea bure.

Hata hivyo, printa nyingi za leza hutunza kumbukumbu ya hitilafu zake, nayo huchapwa kwa kuchagua katika menyu ya mashine. Katika printa nyingi za HP LaserJet, kila mstari huonyesha namba ya hitilafu na idadi ya kurasa zilizokwisha kuchapwa ilipotokea. Namba zinazoanza na 13 huhusu karatasi iliyokwama. Zinazoanza na 50 huhusu fyuza, yaani sehemu inayoyeyusha wino wa unga kwa joto ili ushike karatasini.

Siri imo katika hesabu ya kurasa. Namba ile ile ikijirudia kila baada ya kurasa chache, sehemu inayohusika ichunguzwe kwanza. Namba mbalimbali zikitawanyika katika maelfu ya kurasa, huenda sehemu zote ni nzima, na chanzo kiko nje: karatasi iliyonyonya unyevu wa pwani, au umeme unaopanda na kushuka. Hata namba 50 yaweza kuletwa na umeme hafifu.

Basi, kabla ya kununua fyuza, yafaa kuchapa kumbukumbu, kutumia karatasi kavu iliyofunguliwa punde, na kuchomeka printa moja kwa moja ukutani. Majaribio hayo hayagharimu sana. Kipuri kisichohitajika hugharimu.