Isebania Wanakujua, Kisii Hawakujui

Mwambie mtu wa Tarime kwamba Kenya ni nchi ya kigeni, atakucheka. Shangazi yake kaolewa Kehancha na ng'ombe wa mahari walitoka huko. Wairegi wako pande zote mbili za mpaka, na koo nyingine za Wakurya, Wakira, Wagumbe na Wanyabasi, vivyo hivyo. Mstari uliowakata ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukanyooshwa kutoka mlango wa mto Umba kule pwani hadi Ziwa Victoria, ukapinda kwa ajili ya Mlima Kilimanjaro. Kwa ajili ya Wakurya haukupinda.

Mimi hukata tiketi za mabasi Sirari, mpakani upande wa Tanzania, na kila wiki nazungumza na watu wanaokwenda Kisumu kwa ndugu, Kisii hospitali, Nairobi kwa mizigo. Nikimwuliza abiria "una hati?" jibu huwa lile lile: "Mama, mimi ni mtu wa hapa hapa." Ni kweli, wewe ni mtu wa hapa hapa. Ukivuka asubuhi kununua sabuni Isebania na kurudi kabla ya jua kuwa kali, mara nyingi hakuna anayekusumbua. Lakini undugu huo unakwisha mapema sana barabarani. Polisi aliyesimama kwenye kizuizi mbele ya Migori saa tano usiku hana habari na shangazi yako.

Basi tuanze na hati. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya, maana sote tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mgeni wa jumuiya anaweza kupewa hadi miezi sita ya matembezi. Hapo ndipo wengi wanapokosea wakidhani kadi ya NIDA inatosha. Wanaosafiri baina yao kwa vitambulisho vya taifa, tangu 2014, ni Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Tanzania haikuingia katika mpango ule. Sisi tunahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari. Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 2018 kwa ada ya shilingi 150,000 na hudumu miaka kumi. Hati ya dharura ni nafuu zaidi na huombwa ofisi za Uhamiaji, ila nayo inataka cheti cha kuzaliwa, picha na maelezo ya safari. Mtoto naye awe na hati yake, na kama anasafiri na mjomba au bibi, ashikiwe barua ya wazazi. Nimeshuhudia bibi na mjukuu wakishushiwa mizigo yao kutoka juu ya basi kwa sababu ya karatasi hiyo moja.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano watu huidharau wakati wa kwenda, wakaikumbuka wakati wa kurudi. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo meza ya afya upande wa Tanzania ina haki ya kukuuliza ukitoka huko. Chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa. Tangu Julai 2016 ukichanjwa mara moja cheti ni cha maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Wapo wanaouza kadi bila sindano. Ukiugua, kadi haitakutibu.

Sirari na Isebania siku hizi ni kituo cha pamoja, na utaratibu wake huwachanganya wageni: unakaguliwa na nchi zote mbili upande wa nchi unayoingia. Ukienda Kenya, usihangaike kutafuta muhuri Sirari. Pita hadi jengo la Isebania, ofisa wa Tanzania akugongee kutoka, kisha usogee dirisha la Kenya ugongewe kuingia. Ukirudi, yote mawili yanafanyika Sirari. Usitoke pale bila kufungua pasipoti na kutazama mihuri kwa macho yako, na tarehe waliyokupa. Anayepita njia ya panya kwa pikipiki anaokoa nusu saa, halafu anakaa Kenya kila siku akiwa na kosa ambalo hawezi kulirekebisha, kwa kuwa hana muhuri wa kuingia na kwa hiyo hawezi kupewa wa kutoka. Akiugua, akiibiwa simu, akitaka kwenda polisi kutoa taarifa, anafikiri mara mbili. Miezi sita hiyo nayo ni ya kutembea tu. Anayekwenda kufanya kazi ya mshahara anahitaji kibali cha kazi, na mwanafunzi ana pasi yake.

Fedha. Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikizunguka kwenye shilingi 20 za kwetu, ikipanda na kushuka, kwa hiyo ukiambiwa nauli ni mia, jua ni kama elfu mbili. Vijana wenye mabunda ya noti watakuzunguka kabla hujashusha mguu. Wapite, nenda benki au duka lenye leseni. Noti ya zamani ya elfu moja ya Kenya iliondolewa kwenye matumizi tarehe 30 Septemba 2019, na mgeni ndiye anayeweza kubebeshwa kwa urahisi. Noti mpya zote zina picha ya jengo la KICC. Unaweza pia kutuma fedha kutoka M-Pesa ya Vodacom kwenda ya Safaricom, huduma iliyoanza 2015, na Kenya hata muuza mahindi ya kuchoma hupokea kwa simu. Kwa Mkenya anayekuja huku: kanuni za Tanzania za 2025 zinakataza kutoza na kulipa kwa fedha za kigeni, basi badilisha kabla ya kuagiza chakula.

Simu ina ujanja wake hapa mpakani. Hata ukiwa bado Sirari inaweza kudaka mnara wa Kenya na kula salio. Chagua mtandao mwenyewe kwenye mipangilio.

Kwenye matatu funga mkanda. Tangu 2004, kwa sheria alizosimamia waziri John Michuki, matatu ndogo ni ya abiria 14 na kila kiti kina mkanda. Sheria hizo zinavunjwa, sana tu, hasa jioni, lakini siku ya msako abiria naye hupelekwa mahakamani pamoja na dereva.

Kitu ninachowasisitizia vijana ni mirungi. Huko Kenya ni zao halali, linauzwa wazi barabarani. Huku Tanzania ni dawa ya kulevya kwa sheria ya 2015. Kijana anaweza kununua kifurushi Migori bila kosa lolote, akavuka geti nacho, akawa mhalifu kabla hajafika kwenye dirisha langu. Bangi usiulize, ni kosa pande zote. Mfuko wa plastiki nao acha nyumbani. Kenya iliupiga marufuku Agosti 2017, sisi Juni 2019.

Wenzetu wa Mugumu wana swali lao, na wageni wao wa kizungu huliuliza kwa hasira: mbona nyumbu wanavuka kutoka Serengeti kuingia Maasai Mara na sisi tuzunguke? Mpaka ulifungwa 1977 jumuiya ya kwanza ilipovunjika, ukafunguliwa 1983, lakini njia ya Bologonja, inayounganisha hifadhi hizo mbili, haikurudishwa kwa watalii. Kwa hiyo gari hutoka Mugumu hadi Tarime, Sirari, kisha Lolgorian ndipo liingie Mara kwa upande wa magharibi. Wenye fedha huruka hadi kiwanja kidogo cha Tarime, wanavushwa mpaka kwa gari, wanapanda ndege nyingine Migori. Kwenye ramani ni karibu mno. Mwambie mgeni ukweli huo kabla hajalipa hoteli, na umwambie pia kwamba kama si raia wa jumuiya aangalie mapema kibali cha kielektroniki cha kuingia Kenya, kilichoanza Januari 2024.

Desemba mabasi hujaa na nauli hupanda. Mwenye safari ya Krismasi aende Uhamiaji sasa, maana kwenye dirisha langu nauza tiketi tu.