Matangani Haiendwi Mikono Mitupu

Katika vilima vya Mbooni na Kilungu, na katika nyanda kavu ziteremkazo kutoka Mwingi hata mto Tana, mtu afapo jamaa zake huchapisha kijitabu cha mazishi chenye picha yake, ratiba ya ibada na wasifu wa maisha yake, na mara nyingi katika kurasa za nyuma, baada ya rambirambi za mjane na za wana, huwamo shairi lililotungwa na mjukuu aliye shuleni, au na mwalimu wa jirani aliyeombwa kwa kuwa yajulikana ana kipawa. Hapana mhakiki atakayelipima shairi hilo, na yamkini vina vyake vikapotea katika ubeti wa tatu; walakini ni machache mashairi yapatayo wasikilizaji wengi kama hao kwa siku moja, na machache zaidi yajibiwayo papo hapo kama hilo. Mjukuu husimama karibu na jeneza akasoma kwa sauti inayotetemeka. Wazee huguna na kuitikia. Afikapo penye jina la marehemu, mwanamke mmoja katika kundi la kanisa huanzisha wimbo kwa Kikamba, umati ukaupokea, na msomaji hana budi kungoja hata wimbo uishe ndipo aendelee. Akimaliza, hutokea mtu mzima akampa mkono, na katika mkono huo akamwachia noti iliyokunjwa.

Noti hiyo nimeifikiria sana, kwa maana inatuambia jambo juu ya wasomaji wa Kitui na Makueni ambalo vitabu vya uhakiki havitwambii. Yule mtu mzima hakulipia shairi, wala hakumpa mtoto zawadi ya usomaji bora. Alisikia msiba ukitajwa, na katika nchi ile msiba ukitajwa hujibiwa kwa kutoa.

Wanachuoni wa Ulaya wamelishughulikia tangu zamani suala la namna wasomaji wanavyolipokea shairi, na jaribio mashuhuri kuliko yote lilifanywa katika Chuo Kikuu cha Cambridge na mwalimu aitwaye I. A. Richards, ambaye aliwagawia wanafunzi wake mashairi 13 bila ya majina ya watunzi, akakusanya maoni waliyoyaandika, kisha akayachambua katika kitabu chake Practical Criticism cha mwaka 1929. Miongoni mwa mashairi hayo lilikuwamo la Gerard Manley Hopkins juu ya binti mdogo anayesikitikia majani yanayopukutika, na la D. H. Lawrence juu ya mtu mzima ambaye muziki unamrudisha utotoni kwa mama yake. Matokeo yalimshangaza hata Richards mwenyewe: vijana waliosoma shule bora za Uingereza walipotoka mbali na maana, wengine wakaleta majibu waliyokuwa nayo tayari kabla hawajasoma, na shairi la Lawrence wengi walilikebehi kuwa limejaa machozi ya bure.

Nalistahi jaribio lile, kwa kuwa lilifichua uvivu wa kusoma ambao hata sisi tunao. Lakini siwezi kukubali kwamba shairi la tanzia lililovuliwa jina la mwenye kulia na la mwenye kuliliwa ndilo shairi katika hali yake safi. Mpe mama wa Kibwezi au wa Zombe shairi la msiba lisilo na jina, naye atakuuliza kwanza, "Limemhusu nani?" Kwake yeye swali hilo ndilo mlango. Asipojua aliyefiwa ni nani, hajui aketi upande gani, wala hajui alete nini.

Ili kuifahamu tabia hii yafaa tukumbuke jinsi wakati ulivyohesabiwa na watu walioishi na ukame kwa vizazi vingi. Mzee wa Ukambani wa enzi zilizopita hakuwa na haja ya tarakimu za mwaka. Alikuwa na njaa. Njaa kuu zilipewa majina, na majina hayo yakawa ndiyo kalenda, hata mtu akasema alizaliwa kabla ya njaa fulani au aliolewa baada ya nyingine. Iko Ngomanisye, iliyoikumba nchi baina ya 1897 na 1899, ikaenea kila mahali ikiandamana na ndui. Iko Yua ya Ndeke ya mwaka 1961, iliyopata jina lake kwa sababu chakula kilidondoshwa na ndege kutoka angani. Wakati wa Ngomanisye jamaa nyingi zilihamia nyanda za juu, na wapo waliowatoa watoto na wanawake wao kwa jamaa za Kikuyu wawe rehani ya nafaka, kwa tumaini la kuwakomboa mvua itakaporudi. Baadhi walikombolewa, baadhi walibaki huko, wakaoa na kuolewa, wakawa watu wa huko. Mama aliyemtoa mwanawe ili mwana huyo aishi alipoteza kwa kule kutoa, na alitoa kwa muda asioujua mwisho wake. Kwa wajukuu wake, kupoteza, kutoa na wakati si mada tatu za kupangwa katika daftari la fasihi. Ni habari moja, na yatosha kuigusa ncha yake mojawapo ili yote iamke.

Kwa hiyo usistaajabu mwanamke aitwaye Wayua, jina la binti aliyezaliwa wakati wa njaa, akisikia shairi linalotaja mto uliokauka akainamisha kichwa kabla mshairi hajafika penye msiba wenyewe. Wala usidhani kwamba mambo hayo ni ya kale tu, kwani tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo katika sehemu kubwa ya nchi kavu za Kenya, na kijana aliye Kidato cha 3 leo ameyaona mabua yaliyosimama bila punje kwa macho yake mwenyewe.

Aliyeyaeleza mambo haya ya wakati kwa ulimwengu alikuwa mwana wa Kitui. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931, akasoma Makerere na Cambridge, kisha akarudi Makerere kufundisha, alitoa mwaka 1969 kitabu chake African Religions and Philosophy, ambamo alidai kwamba Mwafrika wa jadi huuona wakati kuwa ni matukio, na kwamba matukio hayo hutoka katika Sasa yakazama katika Zamani, ilhali wakati ujao ulio mbali hauna uzito kwa sababu haujatendwa na yeyote. Ushahidi wake mkubwa aliuchukua katika lugha ya Kikamba na desturi za kwao. Alipingwa, na kwa haki: Kwame Gyekye wa Ghana alionyesha kwamba Waakan wana fikira nyingine juu ya wakati ujao, na ni vigumu kuamini kwamba bara zima lina saa moja. Lakini liko jambo moja katika hoja ya Mbiti ambalo kila anayesoma tanzia Ukambani atalikuta ni kweli, nalo ni lile alilolisema juu ya wafu ambao bado hawajafa kabisa: madhali yupo aliye hai anayemkumbuka marehemu kwa jina, marehemu huyo yumo katika jamaa, huwekewa chakula kidogo na kumiminiwa kinywaji, na hufa mauti yake ya pili siku afapo mtu wa mwisho aliyemjua.

Ukilichukua hilo ukalirejesha penye jeneza, utaelewa kwa nini wimbo huanza pale jina litajwapo wala si penye tashbihi nzuri. Shairi limefanya kazi iliyokusudiwa; limemweka marehemu katika vinywa vya watu, na watu wameitikia kwamba wamempokea.

Pwani nayo, ambako misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu hata Mombasa karne ya 19, zama za Kivoi wa Kitui, imejaa mashairi ya namna hii. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858 alimtungia bintiye utendi ambao ni wasia na hidaya kwa pamoja, akijua kwamba atakayeupokea ataufaidi mtunzi mwenyewe akiwa hayupo. Na katika taarabu, msikilizaji aguswaye na ubeti huinuka kitini akaenda kumtuza mwimbaji mbele ya kadamnasi, na wote waliopo wakajua kwamba ubeti ule umempata. Ngui, yule mwimbaji anayeongoza ngoma za Wakamba, naye hutuzwa vivyo hivyo. Toka baharini hata Tseikuru, basi, kutoa ni namna ya kusema "nimesikia."

Lakini mashairi yanayosifu kutoa, hayo hupata wasikilizaji wagumu. Nimeona mara nyingi kwamba shairi la kumtukuza tajiri mkarimu halisisimui watu wa Kitui, na sababu yake ni ya wazi: watu hawa wamepanga foleni za mwolyo, chakula cha msaada, miaka mingi, wamemwona mtoaji akipigwa picha na gunia, wakaombwa kura juu ya gunia lile lile. Ukiwasomea juu ya mkono utoao kutoka juu, watanyamaza kwa adabu. Wasomee juu ya mwethya, wanawake waliokusanyika alfajiri na majembe wakachimba matuta katika shamba la mmoja wao, kesho wakaenda kwa mwingine, nao watatikisa vichwa kwa kukubali, kwa kuwa hapo anayetoa na anayepokea hubadilishana zamu. Mshairi asiyejua tofauti hii ataandika vizuri na asisikike.

Sasa tuingie darasani, mahali ambapo vijana wengi wa kaunti hizi hukutana na ushairi wa Kiswahili, na ambapo, kwa masikitiko yangu, majibu yao hufundishwa upya. Mtihani wa kitaifa wa KCSE una Karatasi ya 3 ya Fasihi, na ndani yake mwanafunzi hupewa shairi aulizwe nafsineni ni nani, toni yake ni ipi, mshairi ametumia uhuru wake kwa namna gani, kisha aandike ubeti fulani kwa lugha tutumbi. Sina ugomvi na maswali hayo. Elimu ya vina, mizani na bahari ni hazina tuliyorithi, na asiyeijua hawezi kuona ustadi wa Al-Inkishafi, utenzi ambao Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga mwanzoni mwa karne ya 19 akiutazama mji wa Pate ulioporomoka. Ugomvi wangu ni juu ya utaratibu. Mwalimu huandika shairi ubaoni, na kabla mstari wa mwisho haujakauka chaki yake, mwanafunzi aliyemzika babake Agosti amekwisha kunukuu kwamba "toni ni ya huzuni," alama moja, akapiga mstari chini yake na kuendelea na istiara. Amejibu sawa. Lakini kijana huyu huyu, akiwa matangani, anajua kwamba huzuni ya mtu haiorodheshwi mpaka kwanza uende ukae naye.

Umri nao hutenda kazi yake. Shaaban Robert, aliyefariki 1962, alimlilia mkewe Amina kwa shairi analolielekeza kwake yeye aliyekwisha kufa, na ambalo alilitia katika kitabu cha maisha yake. Kijana wa miaka 17 huliona ni utungo wa mapenzi wenye maneno ya kale, na mtu yule yule akilikuta tena akiwa na miaka 50, na kitanda chake kimepungua mtu, hulisoma polepole, akarudia ubeti, akafunga kitabu. Shairi halikubadilika hata herufi. Na asidhani mtu kwamba Mkenya wa kawaida hana subira na shairi nje ya mtihani: David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, alipochapa katika miaka ya 1970 vitabu vyake vya bei nafuu vilivyoandikwa kwa mistari ya kishairi, kama vile My Dear Bottle, vilinunuliwa na makarani na makuli wa Nairobi kwa wingi sana, kwa sababu walijikuta humo na hasara zao, ingawa waadilifu walikasirika.

Ombi langu kwa walimu wa Kitui na Makueni ni kwamba, shairi la msiba likifika darasani, dakika za mwanzo zitolewe kwa maswali ambayo mama wa Zombe angeyauliza: nani amefiwa hapa, na wewe ungemwendea na nini? Baadaye zije bahari na mizani, nazo zitapata pa kushika. Na kama watafuta pa kuanzia, Mbiti, aliyefariki Uswisi mwaka 2019, alichapisha Nairobi mwaka ule ule wa 1969 diwani iitwayo Poems of Nature and Faith. Iko kwa Kiingereza. Wanafunzi wa Mulango wangeweza kuipa Kiswahili.