Dola ya Mudaka na bonde ilikozaliwa

Sokoni Mudaka, kwenye barabara inayotoka Bukavu kwenda Kavumu, noti ya dola mia haipokelewi hivi hivi. Mbadilisha feza anapitisha ukucha kwenye kola ya koti la Benjamin Franklin, mahali ambapo wino unakwaruza, halafu anaiinua juani atafute uzi na sura iliyofichwa ndani ya karatasi. Kisha anakagua kingo. Akikuta mchaniko mdogo tu, anairudisha: “Mama, hii haiendi.” Huko Marekani mchaniko mdogo kama huo usingeizuia noti hiyo hiyo kununua mkate. Na hapo hapo Mudaka, franga iliyounganishwa kwa gundi, rangi yake imeliwa na jasho, inapita mkono kwa mkono bila ugomvi.

Watu wa soko wanajua sana thamani ya kitu hiki, lakini jina lake halizungumzwi sana. Wengi tunadhani dola ni neno la Marekani. Marekani ililikuta neno hili likiwa tayari limezeeka.

Lilizaliwa katika milima ya Bohemia, kwenye mji ulioitwa Joachimsthal, maana yake bonde la Joachim. Leo mji huo unaitwa Jáchymov na uko Jamhuri ya Cheki. Fedha, yale madini meupe, iligunduliwa huko kwa wingi, na kuanzia miaka ya 1519 na 1520 makabaila wa ukoo wa Schlick wakaigeuza kuwa sarafu nene na nzito. Watu waliziita Joachimsthaler, yaani za Joachimsthal, kisha ulimi ukachoka na kubakiza mkia wa neno: thaler. Kwa asili, basi, anayesema dola anasema “ya bondeni”. Waholanzi walisema daalder, Waingereza wakasema dollar. Neno lilienea haraka kiasi kwamba Shakespeare alilitia katika tamthilia ya Macbeth mwanzoni mwa karne ya 17, ingawa mfalme anayesimuliwa humo aliishi katika karne ya 11, wakati hakuna aliyewahi kusikia sarafu ya jina hilo.

Waingereza walilitumia kwa kila sarafu kubwa ya fedha iliyofanana na ile ya bondeni. Sarafu ya Wahispania yenye thamani ya reale nane, iliyofuliwa Mexico na Potosí, wao waliiita dola ya Kihispania, na ndiyo iliyokuwa ikizunguka katika makoloni ya Amerika. Marekani ilipochagua jina la fedha yake mwaka 1785, ilichukua lililokuwa mdomoni mwa watu, na sarafu za Kihispania ziliendelea kuwa fedha halali huko hadi 1857. Uingereza kwenyewe, watu wa mtaani waliita shilingi tano “dola”. Leo Namibia, Liberia na Hong Kong kila moja ina dola yake.

Pwani ya Waswahili nayo iliwahi kuwa nchi ya dola, kwa jina jingine. Sarafu yenye kichwa cha malkia Maria Theresa wa Austria, iliyoandikwa mwaka 1780 na kuendelea kufuliwa kwa tarehe hiyo hiyo muda mrefu baada ya kifo chake, ilitawala biashara ya Ethiopia, Yemen na Zanzibar. Ni thaler halisi, ya ukoo ule ule wa bondeni. Waswahili waliiita reale, wakifuata jina la Kihispania. Waingereza wa Zanzibar, katika hesabu zao, waliandika dola. Kadiri misafara ilivyoingia bara ndivyo vitambaa na shanga vilivyochukua nafasi ya sarafu. Kuzunguka Ziwa Kivu, katika karne ya 19, kilichotembea sokoni kilikuwa butega, bangili za nyuzi zilizosukwa na Watembo wa magharibi ya ziwa.

Kiswahili kina dola nyingine, na hiyo haina undugu wowote na ile ya bondeni. Dola yenye maana ya utawala, ile ya “vyombo vya dola” wanayoisikia Watanzania na Wakenya kwenye taarifa ya habari, imetoka kwa Waarabu: dawla. Mzizi wake ni kugeuka, kupokezana zamu. Utawala uliitwa hivyo kwa sababu leo uko kwa hawa na kesho kwa wale. Mzizi huo huo unatumika katika Kurani, sura ya al-Hashr, aya ya 7, panapokatazwa mali isiwe kitu cha kuzunguka baina ya matajiri peke yao. Kwa hiyo hata dola ya Waarabu iliwahi kuigusa mali.

Kivu hatutumii dola kwa maana ya utawala. Sisi tunasema leta, kutoka Kifaransa, na wazee wetu walisema Bula Matari, jina alilopewa Stanley na ambalo serikali ya kikoloni ililirithi. Dola kwetu ni noti tu, na imepata nafasi hiyo kwa sababu leta haikuweza kuilinda fedha yake. Mwaka 1967 zaire, fedha iliyotangulia franga ya leo, ilianza, moja ikiwa na thamani ya dola mbili. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000. Mwaka 1998 ikaja franga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Zidisha mwenyewe: zaire za kwanza bilioni 300 ziligeuka franga moja. Mwaka 1999 fedha za kigeni zilipigwa marufuku, lakini watu walikuwa wameshaona fedha yao ikiyeyuka, na mwaka 2001 marufuku ikaondolewa.

Ndiyo maana naona dola ya Mudaka, mara nyingi, ni kipimo kabla ya kuwa noti. Ng'ombe, kiwanja, pikipiki na kodi ya nyumba vinatajwa kwa dola hata kama mlipaji atatoa rundo la franga. Nyanya, sombe na sambaza vinatajwa kwa franga. Anayeumia ni yule anayesimama katikati. Tuseme mama ananunua gunia la maharagi kwa dola 60, kiwango kikiwa franga 2,800: ametoa franga 168,000. Anauza kwa kopo, kidogo kidogo, mpaka anakusanya 190,000. Daftari lake linaonyesha faida ya 22,000, karibu dola nane. Ikiwa katikati ya siku hizo kiwango kimepanda hadi 3,000, franga zake sasa ni dola 63 na senti kidogo. Gunia lijalo bado linauzwa dola 60, na kwa kazi yote ile amebaki na dola tatu. Franga ikipata nguvu, hesabu inageuka, na aliyeficha dola chini ya godoro ndiye anayelia. Daftari lenye safu mbili, moja ya franga na moja ya dola ya siku ile, lingemwonyesha mama huyu upungufu huo kabla hajaila faida. Laiti kila anayefundisha hesabu kwenye vikundi vya wanawake angeanza na hilo.

Benki zilipofunga milango Bukavu Februari 2025, akiba ya wengi ilibaki ile iliyoko mkononi, na likelemba ikawa na uzito zaidi. Ndani ya likelemba kila mmoja anachanga, na fungu zima linakwenda kwa mtu mmoja kwa zamu, kama ule mzizi wa Kiarabu unavyosema. Kabla ya kuanza lazima waamue: tuchange franga au dola? Wanaopokea mwanzoni hawajali sana. Wa mwisho kwenye orodha ndio wanaodai dola, maana wao watasubiri miezi, na franga ikianguka wakati huo watapokea thamani pungufu ya walichotoa.