Watu wa Tibet na Njia ya Kutoua

Tibet ni nchi ya juu sana iliyo kaskazini ya milima ya Himalaya. Wengi wa watu wake hufuata dini ya Budha, ifundishayo ya kuwa tamaa na chuki ni mizizi ya mateso, na ya kuwa haifai kuua kiumbe chenye uhai.

Mwaka 1950 majeshi ya China yaliingia Tibet. Mwaka ule ule Dalai Lama, kijana wa miaka 15, akakabidhiwa utawala. Hata tarehe 10 Machi 1959 uvumi ulienea mjini Lhasa kwamba atakamatwa; maelfu ya watu wakalizunguka jumba lake wapate kumlinda. Usiku wa tarehe 17 alitoka kwa siri, amevaa nguo za askari, akavuka milima mpaka India. Huko nyuma Lhasa ikapigwa mizinga. Mwaka huo Umoja wa Mataifa ulitaka haki za binadamu za Watibet ziheshimiwe.

Bassi, mtu aliyekatazwa kuua ataudaije uhuru wake? Baadhi ya Watibet walishika bunduki. Dalai Lama alishika njia ya maneno: tangu mwaka 1988 aliomba Watibet wajitawale katika mambo ya ndani tu, wala wasijitenge na China. Mwaka 1989 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini China yashikilia kwamba Tibet ni sehemu yake, na mazungumzo ya miaka 2002 hata 2010 hayakuzaa mapatano.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Watibet wangali wakiingoja heri hiyo.